Siku Bi Pili Alipopanda Kijogoo

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo niliyoolewa, na ndiyo niliyokaribia kurudishwa kwetu kabla sijafika nilikokuwa napelekwa. Juzi ulinionyesha kwenye simu yako picha za magari ya kukodi kwa ajili ya harusi yako. Moja jekundu, la zamani, halina paa, linang'aa kama limepakwa samli. Jingine jeupe, jipya, la milango minne. Ukaniuliza, "Bibi, lipi?" Nikakwambia nitakujibu nikimaliza kuchambua mchele. Haya, mchele umekwisha. Jibu lenyewe ni refu kidogo, kwa hiyo kaa vizuri, na hiyo simu ilaze kifudifudi.

Nilikuwa binti hapa hapa Lindi, nyumba yetu Mikumbi, ruksa ya biashara ilipoanza. Wewe ruksa unaisikia tu. Sisi tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kufulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, halafu tukaamka tukakuta maduka yamejaa. Khanga mpya, sabuni za kunukia, mafuta ya nywele, redio za kila ukubwa. Na magari. Mtu uliyezoea kumwona na baiskeli yake ya kubebea ufuta, leo unamwona ameshika usukani na mkono mmoja ameutoa nje. Baba yangu mdogo, Shaibu, alikuwa mmoja wao. Alifanya biashara ya korosho, ikamwendea vizuri, akaleta kutoka Dar es Salaam gari dogo jeupe la Kijapani. Lilikuwa limetumika huko kwao, lakini kwetu lilikuwa jipya kuliko kitu chochote mle nyumbani. Viti vilikuja vimefunikwa nailoni, naye akakataa isitolewe. Kiyoyozi kilipuliza mpaka meno yanagongana. Redio haikushika stesheni yetu hata moja, ilikoroma tu, lakini baba mdogo aliiwasha hivyo hivyo ili wapita njia wajue kwamba ipo.

Mchumba wangu Hamisi, babu yako huyo unayemsikia akikohoa uani, yeye alikuwa na gari la namna nyingine kabisa. Baba yake alikuwa dereva wa meneja wa shamba la mkonge, mzungu mmoja, na yule mzungu alipofungasha virago kurudi kwao akamwachia gari lake la spoti. Jekundu, fupi, limelala chini hata paka angelivuka bila kuruka sana. Viti viwili tu. Nyuma hakuna hata mahali pa kuweka kikapu cha samaki. Liliozea bandani miaka na miaka, maana spea ungezitoa wapi? Ruksa ilipokuja, spea zikaja, na Hamisi alikuwa fundi. Akalifufua. Siku alipoliwasha mara ya kwanza, mtaa mzima ulitoka nje. Watu wakaliita Kijogoo, kwa wekundu wake na kwa kelele zake za alfajiri.

Mimi nilikipenda. Nani asingekipenda? Hamisi akipita nacho polepole mbele ya nyumba yetu, ananyamazisha honi kwa adabu lakini mlio wa injini unasema yote, mimi nilikuwa nadondosha hata upawa.

Sasa nikwambie habari za Bi Pili. Bi Pili wa kijijini Sudi alikuwa somo wangu. Ndiye aliyenipokea nilipovunja ungo, akanifunda, akanifundisha namna ya kusema na namna ya kunyamaza, ingawa hilo la pili, kama unavyoona, halikushika sana. Alikuwa mama mnene, magoti yake mabovu, na ulimi wake, Mungu amrehemu, ulikuwa haujui kuzunguka. Nilimpenda. Mama yangu nilimheshimu, lakini Bi Pili ndiye niliyemwambia mambo.

Na Bi Pili alikuwa hamtaki Hamisi.

"Mwanamume mzima," aliniambia wiki ile ya harusi, ananisuka, ananivuta nywele kwa kila neno, "anahangaika usiku na mchana na gari la viti viwili. Mtoto atampakia wapi? Mama mkwe atampakia wapi? Mimi mwenyewe atanipakia wapi?"

"Somo, lile ni gari tu."

"Ala! Gari tu? Litazame la baba yako mdogo. Ukiliona tu unajua mwenye nalo amewafikiria watu. Huyu wako amejifikiria yeye na upepo."

Hamisi alikuwa mpole kwangu, lakini hata mimi nilikuwa nimemwona siku moja akimfokea rafiki yake mbele za watu kwa sababu tu alikiegemea Kijogoo akiwa na vifungo vya chuma kwenye suruali. Alifoka mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Jambo hilo nililifungia moyoni, nisimwambie Bi Pili wala mtu mwingine. Nikawa naomba dua tu.

Ndoa ikafungwa msikitini baada ya sala ya adhuhuri. Ikabaki bwana harusi aje Mikumbi kunichukua, anipeleke kwao Mtanda, kule juu mlimani. Unajua desturi yetu. Somo hukalia kizingiti, akafunga njia, na bwana harusi hapiti mpaka amridhishe. Kwa kawaida ni mchezo. Wanaleta doti ya khanga, somo anaikataa, wanaongeza, anaguna, wanawake wanacheka, mwishowe anainuka. Lakini chini ya ule mchezo pana jambo la kweli. Somo akisema hana radhi, mama wa binti hamtoi binti. Mama yangu alikuwa ameniambia waziwazi: "Bi Pili ndiye aliyekulea kwa mambo haya. Asipoinuka yeye, mimi sitakutoa." Na somo ndiye anayefuatana na bibi harusi hadi nyumba ya mume, akakaa naye siku za fungate. Bila yeye ungekwendaje? Ungepelekwa kama mzigo?

Alasiri tukasikia Kijogoo kinakuja. Vigelegele vikapasuka. Mimi nimefunikwa shela, nimekaa kwenye mkeka, natazama kwa upenyo wa dirisha. Hamisi ameshuka na joho lake jeusi na kilemba, na Kijogoo kimepambwa kwa asumini kutoka mbele mpaka nyuma. Nyuma yake likaegeshwa gari jeupe la baba mdogo, nalo lina utepe mmoja tu kwenye mlango, kama mtu aliyekuja harusini kwa heshima bila kujipodoa.

Bi Pili amekaa kizingitini, hajageuza hata shingo.

Shangazi yake Hamisi akatandaza doti ya khanga. Bi Pili kimya. Akatandaza nyingine, na chupa ya marashi juu yake. Kimya. Wanawake wakaanza kucheka, halafu kicheko kikapungua, halafu kikaisha, maana tuliona kwamba hachezi.

"Bi Pili," shangazi akasema kwa upole, "tuambie basi unataka nini."

"Bibi harusi atakaa wapi?"

"Pale," shangazi akasema, akaonyesha Kijogoo kwa furaha. "Na mumewe."

"Na mimi?"

Mwanangu, hapo ndipo watu wote walipotazamana. Walikuwa wamewaza asumini, wamewaza matarumbeta, wamewaza mpaka nani atarusha mchele. Somo atakaa wapi, hakuna aliyewaza. Bibi harusi wa kwetu kwenda bila somo ubavuni mwake! Hata Hamisi alitazama vile viti viwili kama ndiyo kwanza anaviona.

"Wewe utatangulia na gari langu, Bi Pili," baba mdogo akaruka. "Kuna kiyoyozi."

"Sikuuliza habari za kiyoyozi, Shaibu."

Nilimtaka Hamisi. Nilimtaka na Bi Pili. Nikajua kwamba huyu mama akisema neno moja tu la kukataa, mama yangu atanivua shela na asumini saa ile ile, na Hamisi atateremka Mtanda kuja kunitazama kwa mbali tu maisha yake yote.

Bi Pili akainua kidevu kuelekea gari jekundu. "Haya, nisikilizeni. Bibi harusi, Zuhura wangu, atakwenda na gari jeupe, na mama yake, na shangazi, wote, nafasi ipo. Pale nitakaa mimi."

"Wapi?" watu wakauliza.

"Pale. Kiti cha bibi harusi. Nitapanda na huyu kijana mpaka Mtanda. Huyu mtoto nimemfunda mimi, namjua. Yeye huyu kafundwa na nani, mimi sijui. Nikifika juu nimeridhika, Zuhura atashuka garini. Nikifika sijaridhika, Shaibu, wewe geuza gari lako uturudishe Mikumbi."

Zogo likazuka! Shangazi akasema haijapata kutokea tangu dunia iumbwe. Baba mdogo akacheka, kisha akakohoa. Mimi nilimtazama Hamisi tu. Nikaona shingo yake imesimama mishipa ile ile. Kisha akainama, akafungua mlango wa Kijogoo, akasema, "Karibu, mama."

Kumshusha Bi Pili ndani ya kile kiti ilikuwa kazi. Kiti kiko chini, magoti yake hayakunjiki. Wanawake wawili walimshika huku na huku, mmoja anasukuma, mmoja anavuta, Bi Pili anasema, "Taratibu, siyo gunia la chumvi hili!" Hatimaye akatua. Akajifunga khanga kichwani, akashika ukingo wa mlango, akatazama mbele kama anakwenda vitani. Basi msafara ukaondoka. Njiani watu wanatoka majumbani kumtazama bibi harusi, wanamkuta Bi Pili. Ungesikia vicheko! Wengine walipiga vigelegele hivyo hivyo, na yeye akawa anawapungia mkono.

Sisi tulifuata na gari jeupe. Nikwambie ukweli, lile gari lilikuwa raha. Halirushi, halipigi kelele, vumbi lote liko nje, baridi iko ndani, mama amenishika mkono, shangazi miguu ameikunjua. Kama ni kubebwa, hujapata kubebwa hivyo. Nilikaa pale kwenye nailoni nikasema moyoni, Bi Pili alisema kweli, hili ndilo gari la watu.

Tukaanza mlima wa Mtanda. Katikati ya mlima, palepale penye vibanda na vijana waliokaa kucheza bao, Kijogoo kikakohoa. Kikakohoa tena. Moshi mweupe ukatoka mbele, kikasimama.

Lo! Vijana waliacha bao. "Jogoo kapata mafua!" mmoja akapiga kelele. "Mchinjeni tupate mchuzi!" Watu wakajaa. Jua la alasiri linapiga, gari halina paa, na Bi Pili yumo ndani anatoka jasho na magoti yake yasiyokunjika.

Baba mdogo akashusha kioo. Kilishuka chenyewe, vuuu. "Bi Pili! Hamia huku kwenye gari la maana!"

Mimi macho yangu yote yako kwa Hamisi. Nikaona amefunga meno. Kazi yake ya miaka, mbele ya mji mzima, siku ya harusi yake, imemwaibisha, na vijana wanamcheka. Nikasema, sasa atafoka. Sasa Bi Pili atamwona, na mimi narudi Mikumbi.

Hamisi akasimama kidogo ameinamisha kichwa. Kisha akavua joho lake, lile joho jipya, akamfunika nalo Bi Pili kichwani na mabegani kwa ajili ya jua. Akaenda nyumba ya jirani kuomba maji, akarudi na kidumu na kikombe. Rejeta inatokota, inapiga mluzi, kila mtu anamwambia mwaga maji, mwaga maji. Yeye akajaza kikombe kwanza, akampa Bi Pili kwa mikono miwili. Akangoja mpaka amalize kunywa. Ndipo akaenda kulihudumia gari lake.

"Mama," akamwambia, "hili halitawaka sasa hivi. Hamia kwa baba mdogo, usikae juani. Nami nitakuja kwa miguu. Uniwie radhi."

Bi Pili akamtazama kutoka chini ya joho. "Hili dude likisukumwa, linakwenda?"

"Linakwenda, lakini anatakiwa mtu wa kushika usukani."

"Nisaidie nihamie upande wa pili."

Mwanangu, nimeona mengi. Sijaona tena kama lile. Bi Pili wa Sudi, ambaye hajawahi hata kupanda baiskeli, ameshika usukani kama ameshika ungo, joho la bwana harusi limemfunika, asumini zinamdondokea, na babu yako nyuma, kanzu ameipandisha akaifunga kiunoni, anasukuma. Vijana wa bao waliokuwa wanamcheka wakaja kusukuma naye. Mmoja akaanzisha wimbo. Hamisi akaanza kucheka, Bi Pili akaanza kucheka, na wakapanda mlima wote namna ile, Bi Pili anapiga honi kila anapoona kuku.

Sisi nyuma kwenye baridi yetu tulikuwa tunalia kwa kicheko, isipokuwa mimi, nililia tu.

Wakafika mlangoni kwa kina Hamisi. Baba mdogo akaegesha nyuma yao, na injini hakuizima. Mama aliuona mkono wa Shaibu umebaki kwenye gia, akanibana vidole. Ilikuwa bado. Neno lilikuwa la Bi Pili.

Wakamtoa garini kama walivyomwingiza, kwa kuvuta. Akaja anachechemea mpaka upande wangu. Baba mdogo akabonyeza, kioo kikashuka, Bi Pili akashtuka kidogo, akakitazama kile kioo, kisha akanitazama mimi. Uso wake una vumbi na machozi.

"Zuhura," akasema, "shuka mwanangu. Umefika kwako."

Siku za fungate, alipokuwa ananisinga liwa ya kunukia mwilini, nilimuuliza aliona nini. Alinijibu maneno ninayokupa wewe leo kama alivyonipa.

"Gari la baba yako mdogo ni zuri," alisema. "Linapanda mlima halisemi neno. Lakini ningepanda hilo na Hamisi, ningefika Mtanda namjua vilevile nilivyomjua Mikumbi. Yule kijana hasira anayo, usidanganyike. Niliiona shingoni. Lakini aliimeza kabla haijanifikia mimi. Na ndiye aliyetaka kunipandisha kwenye gari la mwenzake nipone jua, abaki yeye na aibu yake. Nafasi ya mtu wa tatu haimo kwenye gari lake. Kwake mwenyewe imo."

Halafu akanikemea, maana bila kunikemea hakujua kumaliza. "Na wewe acha kutazama magari kwa dirishani. Tazama watu."

Basi ndiyo hayo. Lile gari jeupe baadaye tulilinunua wenyewe kwa baba mdogo, na nailoni yake juu. Ndilo lililonipeleka hospitali kumzaa mama yako, ndilo lililombeba Bi Pili alipougua, ndilo lililotupeleka Sudi kumzika. Halikutuangusha, nalishukuru mpaka kesho. Kijogoo kiko uani chini ya turubai, na mitetea wangu wanataga kwenye kiti kile kile alichokalia somo wangu. Babu yako ananiomba kila mwaka niwahamishe. Anaomba kwa upole, na mimi nakataa kwa upole.

Sasa jibu lako, mwanangu. Gari la kukubeba wewe siku hiyo ni jeupe. Kaa humo na mama yako na shangazi zako, msiache mtu nyuma, maana nyumba inayoanza kwa kumsahau mmoja huwa na tabia ya kusahau wengine. Lakini mtu wa kuishi naye usimpime kwa siku ambayo kila kitu kimemwendea sawa. Siku hiyo kila mtu ni mzuri, kama barabara ya lami. Mngoje siku kile anachojivunia kimemwangusha mbele za watu, utazame hasira yake inampelekea nani, na kikombe cha kwanza anampa nani. Nawe pia atakutazama, kwa hiyo hasira yako imeze kabla haijamfika.

Na lile jekundu likodini vilevile. Mwambie mchumba wako kwamba siku hiyo atalipanda na mimi. Magoti yangu sasa ni ya Bi Pili mtupu, kwa hiyo tafuteni wanawake wawili wenye nguvu wa kunitumbukiza. Nikifika kwao nikagonga kioo chako, utajua umefika kwako.

Mola akujaalie, mwanangu, nyumba yenye nafasi kuliko watu. Akupe mume ambaye aibu yake haimwagi kwako, na wewe usimwagie yako. Na kila mlima mtakaoupanda, awape wa kusukuma, na wimbo wa kusukumia. Amina. Haya, kalete ungo, kuna choroko bado.